Tunda la Msonobari Juu ya Kiti

Mume wangu aliitwa Safari, na yeye akanibandika jina la Kufuli. Anayetaka kuielewa ndoa yetu angeweza kuishia hapo, lakini kwa kuwa cherehani imezimwa na daftari bado lina kurasa, nitaendelea. Safari lilikuwa jina lake la kuzaliwa. Kwao Bukavu, Kongo, mtoto akizaliwa njiani hupewa jina la njia. Kufuli nililipata hapa Durban. Kila tulipotoka kwenye flati yetu ya ghorofa ya tisa, South Beach, nilifunga mlango, nikafunga geti la chuma, nikatia kufuli, tukaita lifti, na lifti ikifika nikarudi kuhakikisha kama kweli nimefunga. Safari aliizuia lifti kwa mguu huku majirani wakikohoa ndani yake. "Mlango umefungwa," alisema, "mwenye mlango njo iko wazi." Lile 'njo', yaani 'ndiye', nilimwachia, lakini 'iko' nikamsahihisha papo hapo, maana nilimaliza kidato cha nne Morogoro, na Kiswahili ndilo somo pekee ambalo mwalimu hakunionea huruma. Mtu hawi 'iko', nilimwambia. Mtu ni 'yuko', au 'yupo'. Wewe unajiongelea kama ndoo. Miaka ishirini na miwili nilimsahihisha neno hilo moja, na miaka ishirini na miwili akalitumia vilevile, kwa raha zake, kama mtu anayejua mlango ulipo lakini anapendelea kuingilia dirishani.

Sasa hayupo. Moyo wake ulisimama hospitalini asubuhi moja, mimi nikiwa kwenye foleni ya geti na chupa ya uji mkononi, na siku arobaini zimekwisha kupita. Watu wa kanisa wamechukua viti vyao vya plastiki, sufuria kubwa zimerudi kwa wenyewe, na simu inayoendelea kulia ni ya Innocent, mtoto wa baba mdogo wa Safari, anayeishi Derby, Uingereza. "Shemeji, funga duka, kuja huku," ananiambia kila baada ya siku mbili. "Chambre iko. Utakaa Durban peke yako juu ya nini?" Kwanza ninamwambia ni 'chumba kipo', halafu ninamwambia nitafikiri. Mwenye jengo lenye duka la Safari naye anataka jibu: ninaendelea, au ninarudisha funguo? Kwa hiyo nimekuwa nikifikiri, na kila nikifikiri ninaangukia mwaka uleule. Habari za nani alinizaa na nani alinilea nitaziruka. Hazina maajabu, na waliohusika wanazijua. Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nikajihesabu mzee. Leo nikitazama picha zake namwona msichana aliyefunga kilemba upande.

Mwaka ule ulianza kwa kelele. Walikuwa wakivunja maduka ya wageni katikati ya mji, na kwa siku sita tulikaa ndani, sisi wawili na wenzetu wanne waliokuwa wamekimbia vyumba vyao. Mimi, ambaye siku zote husema hakuna raha kama kukaa nyumbani, nilipewa kukaa nyumbani hadi nikashiba. Tulikula ugali na maharagwe mchana, tukala maharagwe na ugali jioni, na mmoja wa wageni wetu, fundi wa saluni, aliwasuka wenzake wote kwa kukosa kazi, hata mwanaume mmoja aliyekuwa na nywele za kutosha kidogo tu. Dirisha la jikoni lilionyesha kipande cha bandari. Kreni ziliendelea kunyanyua makontena kana kwamba hakuna lolote. Safari alisimama pale na kikombe chake muda mrefu. "Ona," alisema. "Ile sanduku iko na karatasi zake. Inafika, wanaipokea. Hakuna mtu anaiuliza itarudi kwao lini." Nilitaka kumsahihisha 'ile sanduku', nikaona si wakati wake. Hilo lilinitisha kuliko kelele za barabarani, kwamba nimemwacha mtu aharibu ngeli na nikanyamaza.

Kulipotulia alikwenda dukani. Alirudi mchana, akavua viatu, akaketi. Mlango ulikuwa umelazwa chini, rafu zimesafishwa, lakini alichokizungumza ni kiti. Alikuwa na kiti chake nyuma ya meza ya kutengenezea simu, cha mbao, chenye mikono, alichokinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama. Walikivunja miguu yote minne, mmoja mmoja. "Simu, sawa," alisema. "Simu ni kitu ya kuiba. Lakini kiti, walikaa chini wakafanya kazi." Baada ya hapo alinunua kistuli cha plastiki, kile cha kukalia ukifua, akatengeneza simu za watu miezi mingi mgongo ukiwa hewani. Nilimwambia nunua kiti. Akasema bado.

Kisha, katikati ya mwaka, akaja na habari kwamba tunakwenda vacances Uingereza. Nilicheka hadi sindano ikanidunga. Likizo, nilimwambia, ni wewe kwenda dukani na mimi kubaki hapa na redio. Lakini mwaka uliotangulia tulikuwa tumepata pasipoti za hapa, zile za kijani, baada ya miaka ya foleni, na Safari alikuwa akizitoa kwenye bahasha na kuzirudisha kama mtu mwenye meno mapya. Alikuwa na picha alizokata magazetini: makanisa makubwa, ngome, nyumba za mawe. "Nataka kuona kitu ya zamani ambayo bado imesimama," alisema. Kwao alikotoka, sijui nini kilibaki kimesimama. Nikafunga mlango, nikafunga geti, nikatia kufuli. Funguo nikazishona kwenye kifuko cha kitambaa, nikakibana kwa pini ndani ya gauni. Majuma matatu niliizunguka Uingereza nikilia kifuani kama mbuzi mwenye kengele.

Tulianzia Bath. Mawe ya mji ule yana rangi ya chai ya maziwa, na nyumba zimepangwa kwa upinde kama watu walioketi kumsikiliza mhubiri. Safari alisimama mbele ya kila moja. Mimi nilipenda chumba chetu cha wageni, ingawa sikukiri. Kulikuwa na birika dogo la umeme, vikombe viwili, dirisha lililotazama bustani ya jirani aliyekuwa akianika taulo ileile kila siku. Asubuhi nilitandika kitanda, nikaosha vikombe, nikafuta dirisha. Mwenye nyumba alipopanda kusafisha akashuka tena kumuuliza Safari kama kuna jambo lililotuudhi. Kwenye kifungua kinywa walituletea maharagwe ya kopo yenye sukari. Nikamuuliza Safari kwa Kiswahili kama hawa ndio watu waliotawala nusu ya dunia, na kama ni kwa maharagwe haya. Alicheka hadi mama wa meza ya pili naye akacheka bila kujua kwa nini. Kisha akanipeleka kwenye bafu la Warumi, ambalo watu hununua tiketi ili wayatazame maji ya moto ambayo hawaruhusiwi kuyaoga. "Sasa ungekuwa nyumbani ungeoga," nilimwambia. "Ningekuwa nyumbani," alisema, "maji yangekatika."

York tulipanda ukuta unaozunguka mji. Safari alisoma kibao akanieleza kwamba ukuta ulijengwa kuzuia watu wa nje wasiingie. Mbele yetu walikuwa Wajapani, nyuma yetu Wabrazili, sisi katikati na pasipoti zetu za kijani, tunapiga picha. "Ona namna inaishia," alisema. "Ukivumilia sana, wanakufungulia wakuonyeshe mahali walikukatalia." Lincoln kuna mtaa wa kupanda kwenda kwenye kanisa kuu, na jina lake, bila utani, ni Mlima Mkali. Watu wakikuandikia hivyo kwenye kona ya mtaa, nilisema, wamekwisha kukuonya, na mwenye akili arudi. Nilipandishwa. Ndani ya kanisa sakafu ilikuwa ya makaburi, majina ya watu yamechongwa kwenye mawe unayokanyaga, na wageni wanatembea juu yao na viatu vya mvua. Mimi niliruka huku na huku kama mtu anayekwepa madimbwi, nikiwaomba radhi marehemu mmoja mmoja. Safari alinitazama akiwa amejishika kiuno. "Kufuli unacheza rumba kanisani," alisema. Nami nikacheka. Nakumbuka hilo kwa sababu ya lililofuata.

Lililofuata ni Derby, nyumbani kwa Innocent. Nyumba ya matofali mekundu, nyembamba, imebanwa na nyingine kama kitabu kwenye rafu. Alitupikia samaki na sombe, kisamvu cha kwao, tukala kwa mikono, na mimi nikaonja kwa mara ya kwanza tangu Durban kitu chenye pilipili. Watu wa mji ule ni wakarimu ila wana salamu za ajabu. Mwanamke wa kituo cha basi, mtu mzima kabisa, aliniita bata. "Twende, bata wangu," alisema. Nikageuka kuangalia mwendo wangu. Innocent akaeleza kwamba hapo kila mtu ni bata, hata kasisi, ni neno la upendo. Safari hakuhitaji zaidi. Siku nzima ikawa Kufuli bata, bata Kufuli, na mimi nikaendelea kucheka.

Asubuhi ya pili nilikuwa bafuni juu, na bomba la maji lilipita ukutani kutoka jikoni likibeba sauti zote. Nilisikia kijiko kinakoroga. Nikasikia Innocent, anayemwita Safari Grand, yaani kaka mkubwa: "Grand, ulimwambia?" Na Safari: "Bado." Innocent akasema ile kazi ya ghalani haitangoja, wenye kampuni wako tayari kushughulikia karatasi, wanataka jibu kabla hatujarudi. "Hii si vacances, ni kazi ya kumhamisha mtu," Innocent alisema. "Mwambie." Kijiko kikasimama. "Acha kwanza," Safari alisema. "Anaanza kuzoea. Lincoln alicheka."

Nilikaa kwenye ukingo wa bafu, taulo kichwani. Nimewahi kujiuliza kwa nini kilichoniuma si kwamba amenificha, bali kwamba amekuwa akinihesabia vicheko. Kila nilipocheka, yule mtu alikuwa akiweka tofali. Basi nikafanya jambo ambalo leo ninaliona la kitoto, lakini nilikuwa na miaka thelathini na tisa tu: niligoma kucheka. Siku tatu. Chai ilikuwa baridi, nikasema. Baridi ilikuwa kali, nikasema. Bata nilimkuta mtoni, bata halisi, nikamtazama kwa uso wa hakimu. Safari alijaribu utani wake wote, hata ule wa mchungaji na jenereta ambao haujawahi kushindwa, nami nikamjibu, "Ndiyo, umeshausimulia." Sikumwambia kuwa ninajua. Nilijua nikisema, tutaongea, na tukiongea atanishinda, kwa sababu yeye ana hoja na mimi nina kufuli tu.

Siku ya nne alisema twende nyumbani kwa lodi, bwana mkubwa wa Kiingereza. Kulikuwa na nyumba kubwa ya kale nje ya mji, mwendo wa basi, na kwenye kijikaratasi chake waliandika: karibuni nyumbani. Sasa mimi ukiniambia ninakwenda nyumbani kwa mtu, nyumbani ni nyumbani. Nilichukua pakiti ya chai nyekundu niliyoibeba kutoka Durban, nikaifunga kwenye karatasi nzuri. Hatuendi kwa mtu mikono mitupu, hata akiwa lodi. Safari aliiona, akaacha niibebe. Labda aliona huo ndio uhai pekee niliouonyesha siku hizo.

Tulipita vyumba vingi, vyote vyenye picha za watu waliokasirika, hadi tukafika chumba cha chakula. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu kumi na wawili. Sahani, vikombe vya kioo, mkate, matunda, hata leso zilizokunjwa. Nikajisemea, kumbe wanatungoja. Nilikuwa nimechoka, mlima wa Lincoln ulikuwa bado haujanitoka miguuni, na karibu na dirisha kulikuwa na kiti cha mikono kilichovikwa kitambaa cha kijani kilichochakaa. Juu yake mtu alikuwa ameacha tunda kavu la msonobari, lile gumu lenye magamba, kama yale yaliyojaa chini ya miti kule Westville, Durban, na kupasuka chini ya magurudumu ya magari. Uchafu wa watoto, nikasema moyoni. Nyumba kubwa namna hii na hakuna wa kuokota takataka. Nikaliokota. Nikatafuta pipa, halipo. Nikampa Safari: "Shika takataka hii." Akatia mfukoni. Nikapangusa kiti kwa kiganja, nikaketi.

Mzungu mmoja mwenye kamera aliishusha. Kutoka kwenye kona akaja mama mmoja mwenye nywele nyeupe na sweta ya bluu, beji kifuani, ambaye nilikuwa nimemdhania ndiye mwenye nyumba. Aliinama karibu na sikio langu, kwa adabu, kama anayenieleza kwamba gauni langu limefunguka mgongoni. Kiingereza changu kilitosha kwa mazungumzo yale, na ninayakumbuka hivi.

"Bata wangu," alisema, "hicho kiti hakikaliwi."

"Mbona hakikuwa na mtu?"

"Kilikuwa na tunda la msonobari."

"Nimeliondoa."

"Ndiyo, nimeona. Huwa tunaliweka ili watu wajue wasikae. Vibao vinachafua chumba."

Nilitazama viti vingine. Kila kimoja, tunda lake. Damu ilinipanda hadi kwenye kilemba, lakini miguu ilikataa kusimama. "Mmemwekea nani?" niliuliza. "Mwenyewe anarudi lini?" Sikuuliza kwa ufedhuli. Kwetu kiti kikiwekewa alama, kuna mtu ameenda kunawa mikono. Yule mama alicheka kidogo. "Mwenyewe alikufa zamani sana," alisema. Kisha akauangalia mlango kama kuna bosi wake, akaniuliza kwa sauti ya chini zaidi, "Kinakaaje? Ninasimama chumba hiki siku tatu kila wiki, miaka kumi na moja sasa. Sijawahi kukikalia." Nikamwambia kinakaa vizuri, kinashika mgongo, ila springi moja imechoka upande wa kushoto. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za ndugu. Ndipo nikainuka, nikampa ile pakiti ya chai kwa mikono miwili. Akaipokea kwa miwili. Hakuna mtu, alisema, aliyewahi kuleta kitu nyumbani hapa. Wote huja kuangalia. "Mmetoka wapi?" "Durban." "Ndiko nyumbani?" Sikungoja Safari ajibu. "Ndiko nyumbani," nilisema, na nikaona Safari, aliyekuwa akicheka mkono mdomoni, ameacha.

Nje kulikuwa na benchi lililotazama kondoo. Tuliketi. Mabega ya Safari yalikuwa yameanza tena kutikisika kwa kicheko alichokibana ndani, nami nikaona kama nisiposema sasa sitasema tena. "Ninajua habari ya ghala," nilisema.

Mabega yakatulia. "Innocent iko na mdomo," alisema.

"Bomba ndilo lenye mdomo. Ungeniambia lini? Tukifika uwanja wa ndege?"

"Ningekuambia ukifurahi."

"Basi ningekuwa nakasirika mpaka leo."

Akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Sikiliza, Kufuli. Sikuwa nakudanganya kwa ubaya. Miaka yote hii Durban mimi niko kama wewe leo. Nimekaa kwa kiti, nimekaa vizuri, halafu mtu anakuja ananiambia hapa hapakaliwi. Ile tunda ilikuwepo, ni mimi sikuijua maana yake. Mwaka huu walinieleza." Aliongea polepole, hakuniangalia. "Nimechoka kuinuka."

Ningependa kuandika kwamba nilitoa jibu la hekima. Ukweli ni kwamba niliogopa tu. Niliogopa nyumba nyembamba, niliogopa kuanza tena kujua duka gani lina nyuzi nzuri na mwanamke gani hakopesheki, niliogopa kuitwa bata hadi kufa. Mtu wa nyumbani si jasiri. Ni mvivu wa kuogopa mahali papya. Lakini kinywa kilitangulia. "Mimi leo nimeambiwa hapakaliwi," nilisema, "na nilishakaa. Hakuna aliyekufa. Hata mlinzi wake aliniuliza kinakaaje."

"Na wakirudi?"

"Tutafunga mlango."

"Kufuli haizuii watu kumi, Kufuli."

"Basi nitakaa."

Kondoo mmoja alikohoa kama mzee wa kanisa. Safari alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Ulimwambia yule mama ni nyumbani," alisema. "Ulimwongopea?" Nikasema sikumwongopea. "Bon," alisema. Akainuka, akanipa mkono. Tulipokuwa tukielekea kituoni nikakumbuka. "Lile tunda la watu umelirudisha?" "Nimerudisha," alisema, na akaniangalia machoni kabisa.

Tulirudi Durban. Kazi ya ghalani alipewa mtu mwingine, Innocent akanuna miezi miwili. Nilifungua kufuli, geti, mlango, nikalala kwenye sakafu ya sebule kwa furaha, Safari akanivuka na masanduku. Ningekomea hapo kama maisha nayo yangekomea hapo. Lakini walirudi. Ilikuwa miaka mitatu baadaye, walivunja duka mara ya pili, na Safari akikimbia aliteguka kwenye ngazi za jengo, goti likavunjika vibaya. Tangu siku hiyo alitembea na fimbo. Kila niliposikia fimbo ile inatoka kwenye lifti nilijua ni nani aliyeinunua. Hakuwahi kunilaumu. Alinitania, kama kawaida: "Sasa niko na miguu mitatu, na bado wewe hatoki na mimi matembezi." Na mimi nilimsahihisha, ni 'hutoki'. Kwa nini hakunilaumu sikumuuliza. Swali hilo, je, nilimfungia Durban kwa uoga wangu, nalo nilitia kufuli, na nilikuwa nikirudi kila siku kuhakikisha kama limefungwa. Sasa limekaa wazi na hakuna wa kujibu.

Jumanne iliyopita nilikwenda dukani na funguo mkobani, nimekwisha amua kuzirudisha. Watu wataona ajabu, lakini katika miaka yote ile nilifika pale labda mara tano. Yeye alikuwa wa nje, mimi wa ndani, na kila mmoja alimheshimu mwenzake mpakani. Espérance, dada wa Kikongo aliyemsaidia kuuza kava na chaja, alikuwa amefungua. Alinikumbatia, akafuta macho. "Nimeacha vile aliacha, Maman," alisema, na akasogea ili nione nyuma ya meza.

Kulikuwa na kiti. Cha mbao, chenye mikono, kimeinuliwa kwa vipande vya ubao kwa ajili ya goti bovu. Na juu ya kiti, katikati kabisa, lile tunda la msonobari. Lilikuwa limekuwa jeusi kwa kushikwashikwa, magamba mawili yamekatika.

"Usiguse," Espérance alisema haraka, halafu akaona aibu. "Pardon. Ni mazoea. Hapa hakuna mtu anagusa. Akienda msalani anaiweka, akienda kanisa anaiweka. Alisema kwa Waingereza ni sheria: ikiwa pale, mwenye kiti iko." Akacheka kwa machozi. "Jengo lote wanajua habari yake. Wanajua ni wewe uliiiba kwa nyumba ya lodi."

"Mimi?"

"Njo vile alisema. Bibi yangu ni mwizi, alisema, anaiba viti vya wafalme mbele ya watu."

Niliegemea meza. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya kawaida, kiti kilinunuliwa lini. Espérance akasema wiki ileile tuliporudi kutoka vacances. Kile kilivunjwa walipokuja mara ya pili, na hiki ndicho cha pili. "Siku alitoka hospitali alikuja hapa kwanza," alisema, "na bandeji. Hakuuliza wamebeba simu ngapi. Alilala chini na tumbo, mtu mzima, anatafuta katikati ya vioo vilivyopasuka. Mimi nilifikiri ni pete. Alipoiona chini ya rafu akasema, 'Bon. Iko.' Kesho yake akanunua kiti."

Kutoka hospitali hadi nyumbani siku ile alichelewa saa mbili. Nilimgombeza, nakumbuka, wali ulikuwa umepoa. Alisema taxi ilikaa sana kwenye robot, taa za barabarani.

Espérance aliingia nyuma kutafuta karatasi za mwenye jengo. Nilisimama mbele ya kiti kile muda, mkoba kifuani, kama nilivyopaswa kusimama mbele ya kile cha lodi. Kisha nikaliokota tunda, nikaliweka mezani kati ya bisibisi zake, nikapangusa kiti kwa kiganja, nikaketi. Kinakaa vizuri. Kinashika mgongo. Miguu yangu haikufika chini kwa sababu ya zile mbao.

Akaingia mwanaume mmoja aliyevaa koti la kung'aa la watu wa bandari, dereva wa lori kwa kumwangalia, simu yenye kioo kilichopasuka mkononi. Alionekana mtu aliyekuwa safarini muda mrefu na hakuna aliyempa habari. Alitazama kiti, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu.

"Bonjour, Maman," alisema. "Papa Safari iko?"

Espérance alitokea mlangoni na karatasi, akasimama. Neno sahihi lilikuwa tayari mdomoni mwangu, na ngeli yake, na wakati wake, kama nilivyofundishwa.

"Iko," nikasema. "Lete hiyo simu."